Upe Mkono Kazi Nyingine: Maneno ya Kumuaga Sista Bisharo

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu. Daktari Muthomi, msimamizi wa kituo chetu cha afya. Bwana chifu, pamoja na wazee wa amani mliotoka Ngaremara na Kinna. Shehe wetu na pasta wetu, ambao leo mmekaa benchi moja na mmegawana mwavuli mmoja. Walimu na wanafunzi wa uuguzi mliovaa makoti meupe. Majirani wa Kiwanjani. Akina mama wenzangu wa chumba cha nyuma. Na wewe Sista Bisharo Mohamud, ambaye umewekwa kwa kiti kikubwa cha mbele na najua hukipendi: nawasalimu wote kwa heshima. Ndugu zangu Waislamu, salaam aleikum. Wengine wote, habari za mchana.

Mimi naitwa Nakal Ekuam. Wengi mnanijua kama Mama Etabo, yule anayefulia watu nguo karibu na bomba la maji. Niliacha shule darasa la saba, kwa hivyo mkisikia nimekwama mahali, mjue ni mwandiko wangu, si uoga. Haya maneno nimeyaandika kwa daftari la mtoto, upande wa pili wa picha zake za mbuzi, na wifi yangu Lorna amenisaidia kuyanyoosha.

Kabla sijaenda mbali, nina ombi dogo kwa mshereheshaji wetu, Bwana Mbaabu. Umetuambia pale mwanzo kwamba mama ambaye mtoto wake atalia asogee naye kando, ili wageni wapate kusikia. Umelisema kwa adabu, na ndiyo kawaida yetu. Lakini leo, kwa ajili ya huyu tunayemuaga, naomba watoto wakae hapa hapa. Wakilia, walie. Mimi nitapaza sauti. Nikimaliza utakuwa umejua ni kwa nini.

Na kuna jambo lingine, wacha niliseme mapema lisije likanikaba. Sista anastaafu Ijumaa hii. Mshauri mpya, aliyesomea kazi hii ya kusikiliza walioumia moyoni, atakuwa akija siku mbili kwa wiki, lakini chumba cha nyuma lazima kiwe na mtu kila siku, mtu wa kumfungulia mlango yule aliyefika, kumketisha, na kumsikiliza mpaka mshauri aje. Mwezi uliopita Sista aliniita akanionyesha ufunguo. Akaniuliza kama naweza kubaki nao. Nikamwambia, nitajibu. Sasa wiki nne zimepita, sijajibu, na yeye, kwa sababu kungoja ndiyo kazi yake, hajaniuliza tena. Nitajibu leo mbele yenu, kabla sijarudi kukaa. Sitawadanganya: asubuhi nikifunga leso hii, jibu lilikuwa hapana.

Chumba chenyewe wengine hamjakiona. Kiko nyuma ya dirisha la dawa. Zamani kilikuwa stoo ya vyandarua. Hakina meza. Kina mikeka miwili, jiko la makaa, na vibuyu vya maziwa vimepangwa ukutani, vya Kiturkana, vya Kiborana, vya Kisomali, kila kimoja na mapambo ya kwao. Mtu akiingia mara ya kwanza hudhani amepotea njia, ameingia kwa mtu anayeuza maziwa.

Mimi niliingia hapo kwa sababu ya mkono wangu. Huu wa kulia.

Ilikuwa asubuhi, wakati wa kukamua, upande wa Ngaremara, mwaka ule ukame ulimaliza ng'ombe na watu wakabaki na mbuzi wachache. Sitasema waliotuvamia ni akina nani. Chumba cha nyuma kina sheria moja: hakuna anayetaja kabila la aliyemuumiza, maana mwenzako wa mkeka anaweza kuwa binti wa watu hao hao, na yeye pia amekuja na machozi yake. Tulisikia risasi. Mume wangu Lokaale akaniambia, "Chukua mtoto, shuka laga." Nikakimbia nikashuka kule kwa mchanga wa mto mkavu, nikaingia chini ya vichaka vya mswaki. Etabo alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Watu wakapita juu yetu, karibu hivi, nikaona akala zao za tairi miguuni. Mtoto akafungua kinywa ili alie. Nikaweka mkono.

Niliuacha hapo mpaka jua likafika utosini. Nilipouondoa, mtoto alikuwa hai. Alinitazama, hakulia. Lokaale hatukumkuta hai.

Basi, ni hayo tu, na mmeona nimeyasema kwa dakika moja. Hamjui imenigharimu nini kuyafanya yawe ya dakika moja.

Walikuja watu wa kutusaidia. Unga walileta, blanketi walileta, na Mungu awabariki, sijasahau. Lakini kila mmoja alikuja na fomu yake, na kila fomu ilikuwa na swali lile lile juu kabisa: eleza kilichotokea. Nilieleza mara kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu kila mara nilifunga fundo moja kwa ncha ya shuka langu, ili nijue kama kuna mwisho. Mmoja aliniuliza kama marehemu alikuwa na kitambulisho. Mwingine simu yake ililia wakati nimefika pale kwa vichaka, akainua kidole akaniambia, "Subiri hapo hapo, mama." Nikasubiri hapo hapo. Yeye alikuwa anaongea na simu nje kwa gari, na mimi niko chini ya kichaka, na mkono uko kwa mdomo wa mtoto, mpaka alipomaliza simu yake.

Sikumkasirikia. Alikuwa kijana, na uso wake ulikuwa umechoka sana. Lakini nawauliza nyinyi wanafunzi wa makoti meupe: kama mtu amekuja na mfupa uliovunjika, mnauvunja tena ili mwone ulivunjika vipi?

Nilihamia hapa Kiwanjani kwa wifi yangu Lorna. Na mkono nao ukahamia. Kila Etabo akikunja uso kutaka kulia, mkono ulikuwa umefika. Sikuutuma. Ningekuwa nasonga ugali, ningekuwa nimesinzia, ningekuwa nimempa mgongo, ulifika tu. Na mtoto ni mwanafunzi mwepesi. Baada ya muda haukuwa na haja ya kufika, kwa sababu aliacha kulia kabisa. Akianguka, kimya. Akiungua, kimya. Halafu akaacha pia kucheka kwa sauti. Alikuwa anacheka hivi, kwa mabega tu.

Na mnajua watu walisema nini? Walinisifu. Majirani wangu mko hapa, na sisemi ili kuwaaibisha, hata mimi ningesema hivyo. "Mtoto mtulivu." "Huyu amefunzwa." Sisi ni watu wa kupenda mtoto asiyelia, hasa akiwa wa kiume, tunamwona kama amezaliwa tayari kwa kuchunga. Mimi nilipokea sifa hizo na nilikuwa nazihitaji, kwa sababu sikuwa na kingine cha kusifiwa.

Siku moja akapata kifua, tukamleta hapa, akaandikiwa sindano. Benchi ilikuwa imejaa. Anayechoma alikuwa Sista Bisharo. Sindano iliingia, na Etabo hakupepesa jicho. Benchi yote ikapiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Huyo ni mwanaume tayari, mtafutieni ng'ombe." Na Sista wetu huyu mnayemwona, akacheka, akampa mtoto biskuti, akaniambia, "Mashallah, mama, umelea."

Nilienda nyumbani nimefurahi.

Kesho yake, jua la saa nane, nikamwona Sista anakuja kwa miguu na ule mwavuli wake wa zambarau. Lorna akashtuka, akamwahi mlangoni. "Sista, dawa imekosewa?"

"Dawa iko sawa," akasema. "Mimi ndiye nilikosea."

Akakaa juu ya mtungi wa maji uliogeuzwa, maana viti vilikuwa vimeazimwa harusini. Akaniambia, "Intala," yaani binti, hivyo ndivyo ananiita mpaka leo, "jana nilimsifu mtoto wako kwa kitu kinachomuumiza. Nilifika nyumbani, nikakaa kula, chakula kikakataa. Nikakumbuka mkono wako. Ulifika kwa mdomo wake kabla ya sindano yangu kufika kwa paja. Niliuona, nikapiga makofi pamoja na wengine. Nisamehe."

Ndugu wageni, mimi nimeombwa mengi maishani. Sikuwa nimeombwa msamaha na mtu mwenye cheo. Wauguzi wangapi hutembea jua la saa nane kwenda kumwambia mfua nguo, nilikosea? Yeye hakuuliza kilichotokea. Hakuwa hata na kalamu. Aliuliza swali moja tu, ambalo akina mama wa chumba cha nyuma wote mnalijua.

"Leo umekula?"

Nikasema sijala. Akamwambia Lorna, "Basi tupike."

Ndivyo nilivyoanza kwenda chumba cha nyuma. Huko ndani hatukai tukitazamana kama watu walio mahakamani. Kila mtu anapewa kibuyu, anatia kijinga cha moto ndani, anafukiza, anasugua. Macho yako kazini. Mdomo uko huru, ukitaka kusema sema, usipotaka, sugua. Wengi mnamjua Kanana, mama mboga wa sokoni, ambaye naye alikuja na lake. Yeye ni Mmeru wa huko juu, kibuyu hakijui kabisa. Siku ya kwanza alikohoa mpaka akatoka nje.

"Nyinyi mnaosha kibuyu ama mnafukuza pepo?" akauliza.

Khadra, anayeuza maziwa kituo cha magari, hakuinua hata kichwa. "Kanana, wewe nyamaza. Maziwa yenu yanazaliwa ndani ya paketi."

"Angalau paketi haikohoi."

Tulicheka. Mimi nilisikia sauti yangu ikicheka, nikaangalia nyuma nione ni nani.

Miezi mitatu sikusema kitu. Hakuna aliyenisukuma. Mwezi wa nne, siku ya kawaida, nikaanza tu. Nilisema risasi, nikasema laga, nikasema akala, nikasema mkono. Hakuna aliyelia kwa kelele, hakuna aliyenirukia kunikumbatia. Nilipofika mwisho, brashi tu ndizo zilikuwa zinasikika. Kisha Khadra akachungulia kibuyu changu, akanipa brashi yake iliyo ndefu. "Hapo chini bado," akasema. Nilimpenda kuanzia siku hiyo.

Sista akaniuliza, "Mkono uko wapi sasa hivi?"

Nikaangalia. "Uko ndani ya kibuyu."

"Haya. Nisikilize. Maziwa yakiharibika ndani ya kibuyu, ukikaza kifuniko huponyi kitu, unafungia harufu. Lazima ufungue, upepo uingie, moto uingie, polepole. Mtoto umemfunga. Na umemfunga kwa mapenzi, hilo hakuna wa kukunyang'anya."

Nikamwambia, "Sista, nauchukia huu mkono."

Akaushika kwa mikono yake miwili, na masizi yote yale. Akasema maneno ambayo nimeyaleta hapa leo kama mtu anavyobeba mtoto mchanga, nikiogopa kuyaangusha. "Mkono wako hauna kosa, intala. Uliokoa mtoto. Isipokuwa hakuna aliyeuambia kwamba ile siku imeisha, ndiyo maana bado uko kazini. Uambie. Halafu usiukate, upe kazi nyingine. Akikunja uso, usiweke mdomoni, weka mgongoni."

Mgongoni. Ni hayo tu. Mnafikiri ni jambo rahisi? Nilishindwa mara ngapi? Mkono ulienda mdomoni, nikauvuta, ukarudi, nikauvuta. Kuna siku nilirudi kwa Sista nikasema nimeshindwa, akaniuliza kama nimekula. Kuna wiki nzima sikwenda kwa aibu, naye hakunituma mtu wa kunikaripia, alimtuma Kanana na sukuma wiki. "Sista anasema zimebaki," Kanana akasema. Hazikuwa zimebaki. Zilikuwa na umande.

Halafu ikaja ile siku ya bomba. Etabo anakaribia miaka mitatu na nusu. Ameteleza kwa jiwe, goti limechanika, damu inatoka. Alikaa chini. Akanitazama. Wale mlio wazazi mnajua kule kutazama, mtoto anakuuliza kwa macho kama jambo hili ni la kulia au si la kulia. Nilikuwa na nguo ya mtu mkononi, nikaiangusha kwa matope, na mwenye nguo yuko hapa, alinisamehe. Nikapiga magoti, nikaweka mkono mgongoni. Nikauacha hapo. Nikamwambia kwa Kiturkana chetu, lia baba, niko hapa.

Akafungua kinywa. Kwanza haikutoka sauti. Nilidhani imeisha huko ndani, imekauka. Kisha ikaja. Jamani, ilikuja kama ng'ombe aliyefungwa siku nzima. Majirani wakatoka. Lorna akaja mbio na mwiko, ugali umening'inia. "Nani anampiga mtoto?"

"Hakuna anayempiga."

"Mbona analia hivyo?"

"Mwache. Analia kilio cha miaka miwili."

Lorna alisimama na mwiko wake. Halafu akakaa pale kwa matope, na akaanza kulia yeye mwenyewe, kwa ajili ya kaka yake Lokaale, ambaye tangu tumzike hakuwa amemtolea chozi, kwa sababu alisema mtu mmoja ndani ya nyumba lazima abaki imara. Tulikuwa watatu pale chini. Ugali uliungua. Hakuna siku ugali ulioungua ulikuwa mtamu kama ule.

Sasa nataka niseme na nyinyi mnaosaidia watu: wauguzi, walimu, polisi mliokuja, wachungaji, mashehe, machifu. Na hili nimepewa ruhusa na Sista kulisema, nilimwomba jana, akasema, "Liseme. Limekaa sana."

Mwaka jana, Alhamisi moja saa kumi jioni, nilikuwa nimekuja kufagia chumba. Sista hakuwapo. Nikaenda stoo kuchukua ufagio, nikamkuta. Amekaa juu ya katoni za dawa, amevaa kiatu kimoja. Kingine amekishika mkononi, anakitazama. Nikamwambia, "Sista, hujaenda nyumbani?" Akasema, polepole kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine, "Nimevaa hiki. Hiki kingine sikumbuki kinaenda wapi." Alikuwa amekaa hapo kwa zaidi ya saa nzima. Wiki hiyo kulikuwa kumetokea shida huko malishoni, na alikuwa amewasikiliza watu tisa.

Mnafikiri nilifanya nini, mimi wa darasa la saba? Sikumuuliza kilichotokea. Nilikaa chini, nikachukua kile kiatu, nikamvisha. Nikamuuliza, "Leo umekula?"

Hapo ndipo alipolia. Nilifahamu siku hiyo kwamba mwanamke huyu alikuwa na kaka aliyeitwa Ibrae, ambaye aliuawa barabara ya Kinna mimi nikiwa bado msichana wa kuchunga mbuzi. "Nimesikiliza watu miaka yote hii," aliniambia, "na hakuna siku moja nimetaja jina lake ndani ya chumba hiki. Kila mtu akiingia na wake, mimi wangu namkalisha nje, namwambia subiri." Na mkono wangu, huu huu, ulikuwa mgongoni mwake.

Kwa hivyo nauliza, na nauliza kwa upole: anayesikiliza, anasikilizwa na nani? Tunamwona imara, tunampenda akiwa imara, tunampigia makofi kama benchi ile ilivyompigia Etabo. Mtulivu. Jasiri. Hakupepesa jicho. Tunarudia lile kosa letu, isipokuwa safari hii tumelifanyia mtu mzima.

Wanafunzi, najua mna vitabu vikubwa na mimi sijavisoma. Lakini mkikutana na mtu kama mimi, fomu iache kwa mfuko siku ya kwanza. Muulize kama amekula. Mkikosea, na mtakosea, chukueni mwavuli mrudi kesho yake mseme tumekosea, hamtapungua. Na siku mtakapojikuta mmeshika kiatu, msione aibu. Tafuteni mtu.

Nimefika kwa jibu langu, na sasa daftari limebaki ukurasa mmoja wenye mbuzi.

Nilitaka kusema hapana kwa sababu ya uoga huu: mama akiingia pale na mtoto wake, na mtoto akaanza kulia, na mimi niko peke yangu bila Sista, mkono wangu utafanya nini? Wangu Etabo nimejifunza. Lakini wa watu wengine? Je, kama bado...

Samahani. Mnasikia kule nyuma? Kuna mtoto analia.

Bwana Mbaabu, tafadhali usiende. Rudi ukae, ndugu yangu. Sauti hiyo naijua. Huyo ni Etabo. Lorna yuko naye, naona ametikisa kichwa, ni kiatu kimembana au ni njaa, si kitu kibaya. Mwacheni. Na nyinyi mlio mbele, mmeona mkono wangu? Mimi nimeuona. Umeinuka. Ulikuwa ushaanza kwenda. Sasa uko hapa juu ya meza, na sikuushusha mimi. Umeshuka wenyewe.

Basi.

Sista Bisharo, nitauchukua ufunguo.

Ila nina sharti moja, na nalisema mbele ya Mheshimiwa na mbele ya Daktari ili lisipotee njiani. Siku ya Alhamisi, saa kumi, chumba cha nyuma kiwe cha wanaosaidia. Muuguzi aje, mwalimu aje, askari avue kofia aje, apewe kibuyu asugue kama sisi, na asiulizwe kitu. Daktari Muthomi, unakubali? Kichwa kimeitikia. Watu wote wamekiona, na shehe na pasta ni mashahidi. Na wa kwanza Alhamisi hii, kabla hajastaafu Ijumaa, awe Sista mwenyewe. Khadra atawasha moto. Kanana amekubali kukohoa. Na jina la Ibrae, Sista, litaingia ndani, likae kwa mkeka. Limesubiri nje vya kutosha.

Tunakushukuru kwa miguu yako ya saa nane. Tunakushukuru kwa kukosea na kurudi. Nenda nyumbani kwako Kinna ukapumzike, ulime vitunguu vyako kwa mfereji, na kila asubuhi mtu akuulize kama umekula. Asipokuuliza, tutumie neno. Tutakuja na vibuyu.

Mtoto bado analia, na ninyi nyote bado mmekaa. Asanteni kwa kunisikiliza mimi, na asanteni zaidi kwa kumsikiliza yeye.